Nondo za Mzee Hemedi

"Nondo za juu si shahidi wa za chini." Mlimsikia shangazi wa Mwanahamisi akilitamka neno hilo jana, alipoletewa habari za mchumba wa binti huyo, mwenye gari na miwani ya jua. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza uchumba na nondo wapi na wapi. Kaeni basi. Neno hilo lina nyumba lilikotoka, na lilitoka hivi.

Palikuwa na mzee mmoja akiitwa Hemedi Shekimweri, mstaafu wa reli, mjane, katika mji mdogo ambao treni yenyewe ilikwisha acha kusimama. Mwaka mmoja binti yake Asina akarudi kutoka kwa mumewe na watoto watatu na godoro moja. Nyumba ya baba ilikuwa na chumba cha kulala kimoja, stoo na sebule. Wakalala sebuleni. Kila alfajiri, akienda kutawadha, Mzee Hemedi aliwaruka wajukuu mmoja mmoja huku magoti yakimlia, na kila alfajiri aliona vibaya kwamba watoto wanarukwa hivyo katika nyumba ya babu yao.

Juu ya nyumba ile, katika pembe zote nne, zilichomoza nondo, nne kila pembe, zimevikwa makopo ya maziwa zisiliwe na kutu. Mtaa mzima ulijua maana yake: hapa hapajaisha, hapa patapanda. Mgeni akipotea huambiwa, "Shika njia ya kwa mzee wa ghorofa." Ghorofa lenyewe halikuwepo kwa miaka thelathini na moja, lakini jina lilikuwepo.

"Vumilia, mama," alimwambia Asina. "Nondo zile zinakungoja wewe. Nitakupandishia vyumba viwili juu, na mlango wako mwenyewe."

"Sijasema neno, baba."

"Ndiyo maana nakwambia."

Akaanza safari za kibali. Halmashauri ilikuwa mwendo wa saa nzima kwa miguu yake. Safari ya kwanza aliambiwa alete ramani. Akaleta, wakasema hii kachora fundi, inatakiwa ya msomi wa kazi hiyo. Akachoresha nyingine. Safari ya tatu mpokeaji yuko msibani. Safari ya nne amerudi, ila muhuri kaufungia mwenzake aliyekwenda semina. Safari ya sita akaambiwa angoje mkaguzi, atakuja nyumbani. Siku ile alikaa kwenye ngazi za ofisi akashindwa kuinuka, mpaka mlinzi akampa mkono.

Fundi wake, Ngwilizi, mtu ambaye ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko mwiko wake, akamwambia, "Mzee wangu, utazikwa na hiyo ramani. Tupige kazi Jumamosi na Jumapili. Hawa wakubwa mwisho wa wiki wako kwenye harusi zao. Jumatatu wakija, ghorofa linawaangalia. Nani ataligusa?"

Ndivyo walivyojenga wengi mtaani pale. Mzee Hemedi alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hukubali mambo ambayo akiwa na nguvu angeyabishia. Akakubali.

Jumamosi wakaezua bati la sebule yote. Jumapili wakasimamisha mirunda na mbao za kumwagia zege. Jumatatu asubuhi ukutani palikuwa na X nyekundu ya halmashauri, na chini yake, SIMAMISHA. Asina na wanawe wakahamia chumbani kwa babu, babu akahamia kwenye kiti cha barazani. Mawingu ya vuli yalikuwa yameanza kujikusanya.

Alhamisi mkaguzi akaja. Injinia Perpetua, mwanamke wa makamo, viatu vyeupe kwa vumbi, maana pikipiki ya ofisi ilikuwa haina mafuta. Akanywa maji aliyopewa na Asina, akatazama juu kwa muda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Ghorofa hili litabebwa na nini?"

Ngwilizi akadakia. "Nondo si hizo, mama? Za milimita kumi na sita, nne nne kila pembe. Hata kipofu anaziona."

"Hizo nimeziona. Naulizia za chini."

"Sasa za juu zimetoka wapi kama si chini? Zimeota kama uyoga?"

Watu waliokusanyika wakaangua kicheko. Injinia hakucheka. Alitoa karatasi kwenye mkoba.

"Mzee, kuna njia mbili. Tuchimbe pembe moja tufike kwenye kitako cha nguzo, tuone. Au, kama ulikuwepo ikijengwa, thibitisha hapa kwa saini yako kwamba nondo zimeanzia kwenye msingi. Ukisaini, naondoka na ramani yako, wiki ijayo una kibali. Mimi pia nimechoka, nina nyumba nyingine nane leo. Lakini saini ni yako, na watakaolala humo ni wako."

Ngwilizi akamtia kalamu mkononi. "Saini, mzee. Mvua hiyo inakuja."

Mzee Hemedi akaishika kalamu. Alikuwepo, naam. Alikuwepo akiwa na nguvu zake, akimsimamia fundi. Akakumbuka kitu ambacho kwa miaka alikuwa amekizungushia maneno mengine mpaka kikapotea. Nyumba ilikwisha, fedha zikaisha, na kila nyumba mpya mtaani ilikuwa na nondo zimechomoza. Akamwambia fundi, "Nichomekee na mimi vipande, watu wajue Hemedi hajafika mwisho." Vikachomekwa juu, urefu wa mkono tu, vikakandikwa saruji. Baada ya hapo alilisema ghorofa hilo kwenye misiba, kwenye harusi, kwenye mabehewa, hadi akaliamini mwenyewe.

Akamtazama Asina, amempakata mtoto mdogo aliyepitiwa na usingizi. Juu ya vichwa vyao mbao zilikuwa zinangoja zege.

Akamrudishia Ngwilizi kalamu.

"Chimbeni," akasema.

"Mzee!"

"Chimba, nimekwambia. Nondo za juu si shahidi wa za chini. Hizi niliziweka watu waone."

Ngwilizi akachimba. Hata futi tatu hazikufika. Tofali zilikoma juu ya mawe makavu, chini ya mawe udongo, na nondo hakuna hata moja.

"Miaka yote hiyo, baba?" Asina akauliza, taratibu, bila hasira.

"Miaka yote hiyo, mama."

"Na sisi ungetulaza juu?"

Injinia Perpetua akakaa na mzee barazani, akamchorea nyuma ya karatasi ileile chumba kimoja cha uani, chenye msingi wake, mita moja na nusu kutoka mpaka wa jirani. Bati likarudishwa sebuleni siku ileile, mvua ikiwa imeshaanza. Chumba kilichukua miezi saba, na kilipokwisha kilikuwa kidogo. Watoto walilala wamebanana, lakini hakuna aliyewaruka.

Ila niwaambie kilichotokea jioni ya siku ile. Wanaume waliokuja kucheka walilizunguka lile shimo, wakaangalia chini, kisha mmoja mmoja wakaondoka, kila mtu akitazama juu ya paa lake. Kabla ya magharibi majembe yalisikika katika nyumba saba za mtaa ule. Mbili zilikuwa na nondo chini. Tano zilikuwa na udongo.

Kwa hiyo mtu akikuonyesha yake yanayong'aa, usimtukane wala usimsifu. Mwombe akuonyeshe alikosimama. Nondo za juu si shahidi wa za chini.