Kipande cha Kwanza cha Ndafu

Hapo zamani, na msinitolee macho, zamani yenyewe ni ya juzijuzi, walimu wamekwisha kugawiwa vishikwambi na umeme mlimani kwetu unakuja ukijisikia, palikuwa na mwanamke aitwaye Mama Aika. Binti yake alikuwa Aikaruwa, wa kidato cha pili. Sikilizeni vizuri, maana mwisho nitauliza, na atakayejibu "wote" nitamtoa nje.

Aikaruwa alikuwa anafeli. Si kufeli kidogo, kufeli hasa. Fizikia sifuri, kemia sifuri, hisabati nne kwa mia, na hizo nne ni za huruma. Nyumbani mambo yale yale. Akichambua maharage, mawe yanabaki. Mama Aika akiuma jiwe anaweka kijiko chini. "Wewe mtoto, macho ulipewa ya nini?" Majirani wakasema ni mvivu, na mama yake, Mungu amsamehe, naye akaamini.

Ukafika wakati wa kuchagua masomo. Pale shuleni aliyefeli sayansi alikatwa jina kwenye orodha ya mkondo wa sayansi. Orodha ikaenda kwa Mwalimu Chilongani wa kemia, Mgogo mpole, hapandishi sauti hata tindikali ikimwagika. Akakata majina kumi na moja. La Aikaruwa akaliruka. Mkuu wa shule akamwita.

"Mwalimu, huyu ana sifuri."

"Naiona, mkuu."

"Wastani wa somo lako ukishuka, utajibu wewe."

"Nitajibu mimi. Huyu binti ni wa mwisho kutoka maabara kila siku. Anagusa kila kitu, ananusa kila kitu. Tatizo lake silijui, lakini si uvivu."

Hakulijua. Shikeni hilo: hakujua, ila alimshikilia. Na wastani ukashuka kweli, na kile cheo cha ukuu wa idara alichokisubiri miaka sita kikaenda kwa mwingine.

Basi binti akabaki. Na kwa kuwa alibaki, daftari lake likafika mikononi mwa Mwalimu Nyanjige wa hisabati ya mkondo huo, Msukuma, mama wa watu, ambaye mashine yake ilikuwa kalamu nyekundu tu. Wenzake husahihisha jibu, yeye husahihisha njia. Madaftari themanini, na kila hesabu anaifuata tangu mstari wa kwanza. Siku moja akakuta jambo. Ubaoni yeye aliandika x kujumlisha 38 ni sawa na 60. Aikaruwa kaandika x kujumlisha 33 ni sawa na 80, akapata 47. Kwa hesabu aliyoiandika binti, 47 ni sahihi kabisa. Nyanjige akafunua kurasa za nyuma. Kila jibu baya, kila njia safi kama sufuria iliyosuguliwa kwa jivu.

Akapanda hadi nyumbani kwa kina Aika.

"Mama Aika, mwanao hesabu anazijua. Anakokotoa vizuri hesabu ambazo sikumpa. Haoni ubao."

Mama Aika akakaa chini. Miaka kumi na tano ameishi na mtoto nyumba moja, na aliyemwona ni mgeni mwenye kalamu. Aliona aibu, akalia, wala hakujificha.

Wakaenda mjini kwa daktari wa macho. Daktari akasema macho ya namna ile miwani haiyasaidii. Binti anahitaji maandishi makubwa, karibu na uso. Basi Nyanjige kaujua ugonjwa, dawa hana. Ubao ni wa ukutani, haubebeki.

Hapo akaingia Mwalimu Kabyemela wa fizikia. Mhaya, na Wahaya mnawajua, hata akisema hajui anasema kwa majivuno. Alichukua kishikwambi chake cha kazi, kile alichokitilia sahihi kwamba kikipotea ni juu yake, akamfundisha Aikaruwa kupiga picha ubao na kuikuza kwa vidole viwili mpaka tarakimu moja ijae kioo. Binti akaitazama tatu. Akaitazama nane.

"Kumbe zinatofautiana hivi," akasema.

Miaka miwili kishikwambi kikakaa kwa binti. Wenzake wakiandaa masomo kwenye kioo, Kabyemela aliandika kwa mkono, akichora saketi za umeme kwa rula. Wakaguzi walipokuja wakamwandikia kwamba hatumii kifaa alichopewa. Akatia sahihi, akanyamaza. Mhaya akanyamaza, jamani.

Matokeo ya kidato cha nne yakatoka. Hisabati A, fizikia A, kemia A. Mama Aika alishuka sokoni kichwa juu, na asiyemuuliza akamwambia vilevile. Akasema beberu aliyemlisha kwa mkono wake ndani ya banda ndiye atakayekuwa ndafu.

Kwetu ndafu ni mbuzi mzima anayebanikwa, akaletwa mezani na majani mdomoni. Mwenye sherehe hukata kipande cha kwanza, akamlisha kwa mkono wake yule aliyemfikisha hapo. Kipande cha kwanza ni kimoja. Anayelishwa hicho ukoo humtaja mpaka wajukuu. Anayefuata amekula nyama tu.

Uani pakajaa. Aikaruwa akashika kisu. Baba yake mkubwa, aliyeongoza shughuli, akasema kipande hakitolewi kwa kubahatisha, walimu na waseme.

Chilongani akasimama. "Mimi sikujua kitu. Lakini ningelikata jina lile, hawa wawili wangempata wapi? Nilikosa cheo kwa ajili yake, na sijutii."

Nyanjige akasimama. "Ulimshikilia, ndiyo, lakini pamoja na sifuri yake. Angefika nayo kidato cha nne. Walimu saba walimfundisha huyu. Aliyemsoma ni mimi."

Kabyemela akasimama, akatengeneza tai kwanza. "Dada yangu, ulijua, kisha ukashika tama. Kumwambia mtu ana kiu si kumpa maji. A zote tatu zilipita kwenye kioo changu. Nilifanya vizuri, na sioni haya kulisema."

Watu wakacheka, vigelegele vikapigwa.

"Na hicho kioo," akasema Nyanjige, "kilikuwa mkobani mwako, binti kakaa mbele yako. Mbona hukukitoa?"

"Ulikuwa hujaniambia."

Aikaruwa akamgeukia mama yake. "Mama, nimpe nani?"

Mama Aika akawatazama wale watatu. Kifua kilimjaa fahari, maana nani mlimani pale amewahi kuona walimu wakimgombea mtoto wa mtu? Na moyo ulimuuma, kwa sababu mmoja akilishwa, wawili watashuka mlima kama wageni waliokuja kula.

"Sherehe ni yako, mwanangu," akasema. "Kata. Nyama inapoa."

Binti akakata. Akainua kipande, akapiga hatua kuwaelekea walimu wake.

Yupo aliyemshikilia bila kujua. Yupo aliyejua na mikono mitupu. Yupo aliyekuwa nacho, akakitoa na kunyamaza. Haya, semeni ninyi mlioshiba: kinywa cha nani kilistahili?