Fomu Yenye Mstari Mmoja

Sogeeni, nina kesi ya kuwapa. Mwenye jibu la haraka alimeze kwanza, maana hata mimi nilikuwa nalo, likanikwama kooni.

Katika kijiji chetu cha Mwabusiga walikuwapo wasichana watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji alichokipata siku alipotolewa shule.

Milembe alikuwa na macho. Alitolewa darasa la sita akapandishwa kwenye dungu kufukuza ndege waliokula mpunga. Miaka mitatu aliwatazama kwelea kwelea, mpaka akajua kundi litageukia wapi kabla halijageuka. "Yupo mmoja hulaza bega kwanza," alikuwa akituambia. "Mtazame huyo, achana na wengine."

Kabula alikuwa na miguu. Yeye alishikishwa kamba ya maksai, awe anawaongoza mbele ya plau. Ukianguka pale, ng'ombe wanakukanyaga. Kwa hiyo Kabula hakuanguka, si kwenye matuta, si kwenye tope.

Nyanzala alikuwa na sauti. Sisi tunalima kwa kikundi, tumejipanga mstari mmoja, na kiongozi wa wimbo akiita, majembe yote yanashuka pamoja na miguu yote inasogea pamoja. Nyanzala aliongoza wimbo kuwashinda mama zetu.

Mwalimu Sado, mama aliyetufundisha mpira jioni baada ya kazi, aliyaona hayo. Milembe akawekwa golini, Kabula mbele, na Nyanzala katikati ya mabeki. Mimi nilikuwa beki wa kushoto. Tukashinda wilayani, tukashinda mkoani, tukashinda kitaifa, na mwaka huo tukapelekwa Kigali kwenye Kombe la Mabinti, mashindano ya wasichana wa chini ya miaka kumi na minane kutoka nchi saba. Tukafika fainali. Siku hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi, uwanja ukawa kama jaruba.

Sasa sikilizeni vizuri.

Dakika ya sabini bado hakuna aliyefunga. Mpinzani mmoja akainua mguu apenyeze mpira nyuma yetu. Nyanzala akaita kwa ule wimbo wa kulimia, nasi mabeki wote tukapiga hatua moja mbele, kama tumeshika majembe. Mshambuliaji wao akabaki peke yake kule nyuma, mpira ukamfikia, akafunga, akaanza kucheza. Kibendera kilikuwa juu. Ameotea. Mwamuzi alikuwa amekwisha kumwonya Nyanzala mara mbili: "Binti, hapa si harusini." Naye alijibu, "Shikamoo, mwamuzi," akaendelea kuimba. Asingeita, tungefungwa.

Dakika ya themanini na tatu nilimkwatua msichana wao ndani ya boksi. Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Penalti. Mpigaji alikuja anatazama kulia, lakini Milembe hakutazama macho yake. Alitazama bega. Bega likalala upande wa pili, Milembe akaruka upande huohuo, akaukumbatia mpira kwenye maji. Asingedaka, tungefungwa.

Hajakaa vizuri akaurusha mbali, kwa Kabula. Mabeki watatu walimfuata. Wa kwanza aliteleza, wa pili aliteleza, wa tatu alimshika jezi akateleza naye, ila Kabula alibaki wima na mpira. Akafunga. Asingefunga, dakika tisini zingeisha kwa suluhu, na suluhu haibebi kombe.

Moja bila. Tukalia mpaka tukachoka.

Tuliporudi tulikuta hema, viti vya plastiki, na Bwana Masunga, mwenyekiti wa kamati ya mapokezi, ambaye hatukuwahi kumwona hata siku moja pembeni ya uwanja. Aliinua kombe letu kwa mikono yake miwili, akapigwa picha, akasema sisi ni fahari ya mkoa. Wachezaji tulisimama juani. Halafu akasema shule moja ya bweni imetoa nafasi kwa mwanamichezo aliyekatisha masomo. Kelele zikapaa. Akainua kidole.

"Nafasi moja. Mchague wenyewe, ili baadaye msiseme tumependelea."

Mwalimu Sado akapewa fomu, akajaza majina matatu. Fomu ikarudishwa pamoja na nyingine mpya, na ujumbe: mstari ni mmoja, jina ni moja, mwisho Jumatatu saa nne. Ikirudi tupu, kamati itamtafuta mwingine. Na Bwana Masunga ana mpwa wake, ambaye mpira ameuona kwenye televisheni.

Basi wale watatu, waliokula sahani moja mwezi mzima, wakageukiana.

"Goli nimefunga mimi," Kabula alisema. "Bila mguu wangu, kutoka Kigali mngeleta nini? Matope?"

"Mguu wako ulikuwa umesimama unangoja, shoga," Milembe akajibu. "Mpira ulitoka kwenye mikono hii."

"Na lile la mwanzo lingeingia," akasema Nyanzala, "wewe ungedaka nini? Mvua?"

"Nyamaza, mwenye kelele!" Milembe akamkatiza. " Hata mpira hukuugusa."

"Ndiyo, sikuugusa. Nyie mliukuta haujaingia, mkadhani ni bahati."

Nikasema, jamani, pigeni kura. Nilidhani nimesema jambo la busara. Nyanzala alinitazama mpaka nikainamisha kichwa.

"Kura?" alisema. "Nyumbani tulikuwa watatu, sare ya shule ilikuwa moja. Baba alishika vijiti vitatu, akasema vuteni. Nilivuta kifupi. Sivuti kijiti tena maishani mwangu."

Kisha Milembe akasema polepole, "Mimi sikuvutishwa hata kijiti." Kabula aliitazama ile fomu kama mtu anavyotazama chakula cha mwenzake.

Leo ni Jumapili. Fomu iko juu ya mkeka mbele yangu, kwa sababu wameniambia niandike mimi, niliyeleta penalti na nisiyedai chochote. Kila nikishika kalamu napandwa na hasira, na si kwa ajili ya hao watatu. Aliyechapa fomu hii angeshindwa nini kuongeza mistari miwili? Wino ungeisha? Kombe walilipokea moja, wakapiga nalo picha watu kumi na wanne, na hakuna aliyeambiwa avute kijiti.

Lakini Jumatatu haingoji hasira zangu. Kuna aliyeita, kuna aliyedaka, kuna aliyefunga. Mtoe mmoja, na kombe halipo. Kalamu naisogeza kwako wewe unayesikiliza. Mstari ni mmoja.

Ungeandika jina la nani, na wale wawili ungewatazama vipi usoni?