Utani wa Kwenye Msumeno

Hamjambo nyote, mliokaa na mliosimama! Wewe mwenye redio, izime. Wewe unayetafuna muwa, tema makapi. Nyamazeni, maana leo nimekuja na jambo la hasira, na hasira haisimuliwi kwenye kelele.

Hapo zamani, si ya mababu, zamani hii hii ya umeme, palikuwa na karakana ya useremala kule Mafinga. Mwenyewe ni Bi Semagongo, mama wa maneno machache. Mafundi wake watatu: Mbano, yeye Mngoni; Kalinga, yeye Mhehe; na Tweve, Mkinga asiyejua kusubiri. Mbano na Kalinga ni watani, kama Wangoni na Wahehe walivyo tangu vita vya babu zao.

Siku moja Bi Semagongo akaleta reli mpya ya msumeno wa meza. Reli ndiyo chuma kile kirefu ambacho ubao huegemea unapopita kwenye meno. Ikienda sambamba na meno, ubao unapasuka kama ndizi mbivu. Ikibana kwa nyuma, ubao unashikwa, unarushwa, unamrudia mtu kifuani.

Akasema, "Mbano, ifunge wewe. Na nyote sikieni: mashine yangu ikimrushia mtu ubao, mwenye kosa hataigusa tena."

Mbano aliupenda msumeno ule kuliko usingizi. Karatasi ya maelekezo akaisoma mwenyewe, kidole kwenye mstari, maana kusoma alijifunza juzi juzi tu, ndevu zake zikiwa na mvi. Akafunga bolti. Akapima mbele ya meno, akapima nyuma ya meno: hailingani. Akalegeza, akagonga kwa kiganja, akapima mbele, akapima nyuma: bado. Akalegeza, akagonga, akapima mbele, akapima nyuma: sawa! Akakaza.

Desturi ya pale, aliyeifunga mashine ndiye anayepasua ubao wa kwanza. Mbano akatoka mbio kumwita Bi Semagongo aje amwone. Umeme hakuuzima.

Akaingia Kalinga, anacheka peke yake. Akalegeza bolti, akasukuma mkia wa reli kuelekea meno, kidogo tu, unene wa ukucha, akakaza. Akatoka kuwaita majirani. Alitaka, Mbano akishafika na Bi Semagongo, yeye Kalinga amwambie, "Pima kwanza, mtani!" Apime, isilingane, watu wacheke.

Akaingia Tweve kwa mlango wa nyuma. Hakuuliza mtu. Akawasha, akasukuma ubao wake. Msumeno ukalia. Akasukuma. Ubao ukatoa moshi. Akasukuma. Pu! Ubao ukamrudia, ukamvunja mbavu.

Waliporudi wote na kumlaza Tweve kwenye maranda, Mbano akachukua kipimo. Mbele. Nyuma. Damu ikampanda kichwani.

"Nani ameigusa reli yangu?"

"Mimi, mtani," Kalinga akasema, kicheko kimemkauka. "Ulikuwa utani."

"Utani gani wa kuua mtu? Mbwa wewe!"

"Mtani hakasirikiwi! Baba yako alipokufa nililala ndani ya kaburi, nikakataa azikwe mpaka mnipe kuku. Ulicheka na machozi yako!"

"Kaburi halina meno!"

"Na randa je? Mwezi uliopita nani aliilegeza randa yangu, nikaujaza mlango wa watu mashimo? Nilinuna? Nilicheka! Aliyeuleta utani kwenye vyombo vya kazi ni wewe."

Mbano akamgeukia Tweve. "Na wewe! Hukusikia mashine inalia?"

"Nilisikia," Tweve akajibu, kashika mbavu. "Nikadhani Wangoni ndivyo mnavyofunga."

"Nani alikwambia upasue?"

"Na nani alinikataza? Ungezima umeme. Ungeweka hata kofia yako juu yake, nisingeigusa. Umeiacha wazi, ukakimbilia sifa!"

"Sifa? Nilifunga sawa! Sawa kabisa! Mvuruge nyie, nilaumiwe mimi?"

Bi Semagongo akauzima umeme ukutani.

"Watatu siwezi kuwatoa, kazi atafanya nani? Nilisema mwenye kosa. Nitajieni mmoja."

"Mtani huyu," Mbano akasema.

"Aliyesukuma huku anasikia kilio," Kalinga akasema.

"Aliyeacha mashine ina umeme wake," Tweve akasema.

Mama akamtazama Mbano. Mbano kiganja chake kiko juu ya reli, amekiweka pale kama mtu anayemshikilia mwanawe asichukuliwe.

Haya. Yuko aliyeiacha, yuko aliyeisogeza, yuko aliyesukuma. Je, nani alistahili kuondolewa kwenye msumeno? Msinikodolee macho mimi. Nina mbuzi hawajanywa maji, naenda. Wakishakunywa nitarudi hapa hapa, na nikute jibu, nisikute mmeshikana mashati.