Kitanda cha Bi Salhina na Jini Aliyejuliwa Hali

Sikilizeni, na mwenye usingizi anawe uso. Mji wa Mahrubi ulitawaliwa na Sultani Shahabu bin Tamimu, mfalme mwema wa moyo, mzito wa mwili na mpenzi mkubwa wa safari. Na katika mji huo watu wa daraja hawakupanda farasi wala punda, bali walisafiri juu ya vitanda vya samadari vilivyoruka angani, na chini ya kila kitanda palikuwa na jini aliyekibeba mgongoni. Msiniulize majini walijisikiaje katika kazi hiyo, maana hata wapagazi wa mjini kwenu hamjawauliza.

Na mwenye kuuza vitanda hivyo alikuwa Burhani bin Mahazi, mgane wa miaka saba, mwenye ndevu nyeusi ti na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. Mnunuzi akiingia dukani alikaribishwa zuliani, akaulizwa habari za wazazi wake, na akaletewa kahawa na sahani ya haluwa yenye lozi. Na watu wa Mahrubi, kwa adabu zao, waliona ni aibu mtu kula haluwa ya mwenzake kisha akatoka mikono mitupu. Basi aliyemeza tonge la kwanza alikuwa amekwisha kununua, bado kuambiwa amenunua nini.

Na vitanda vingi vilikuwa vikuukuu. Burhani alivipaka rangi ya dhahabu, na majini wazee akawapaka mafuta mwilini na masizi kichwani ili mvi zisionekane, na kila kitanda alikisifu kwamba kilikuwa cha bibi mmoja mcha Mungu aliyekipanda mara mbili tu kwa mwaka, Idi ndogo na Idi kubwa. Kama maneno hayo yangekuwa kweli, bibi huyo angekuwa na vitanda mia tatu. Majini wenyewe walikuwa wamefungwa kwa ahadi ya tangu enzi za Nabii Suleimani, wasiseme uongo kabisa, lakini pia wasiseme neno mpaka waulizwe; na nani angepoteza muda kuzungumza na jini, ilhali kitanda kinang'aa vile na haluwa iko mdomoni?

Siku moja ya Jumatatu akaingia Bi Salhina, mkunga wa mji, mwanamke wa makamo aliyefiwa na mume. Binti yake wa pekee, Raihani, alikuwa ameolewa ng'ambo ya milima ya Kafu, na habari zilikuwa zimefika kwamba mimba yake ya kwanza imebakiwa na siku saba na mtoto amekaa vibaya, amelala kikingamo. Na njia ya miguu ilikuwa siku kumi na tano. Mama wa watu alikuwa hajalala tangu apate habari. Alikuja na bangili zake tatu za fedha, ukumbusho wa marehemu, na hakuwa na kitu kingine.

Burhani akampokea kwa heshima zote, akamsifu marehemu mumewe ambaye hakupata kumwona, na akaamuru haluwa. Bi Salhina akaitazama sahani, akasema, "Ahsante, bwana. Leo nimefunga."

Burhani akaduwaa. Katika miaka ishirini ya biashara hakuna aliyepata kumjia na saumu ya sunna, na bila ya haluwa hakujua maneno yake yanaanzia wapi. Akarukia habari za bibi mcha Mungu, akachanganya Idi na Maulidi, akasahau bei. Na alipokuwa akijifuta jasho, Bi Salhina alikwisha kuinua shuka ya kitanda cha kwanza na kuinama chini, kwani mkunga hazungumzi na aliyeleta mgonjwa akamwacha mgonjwa.

"Shikamoo, babu," akasema.

Jini akafumbua macho. Jina lake lilikuwa Kashkashi, na kwa miaka mia tatu hakuna aliyemwamkia. "Marahaba, mjukuu wangu," akajibu kwa sauti ya kutetemeka.

"Hujambo?"

"Sijambo."

Burhani akashusha pumzi, maana alijua kwamba mwungwana yeyote, hata awe kitandani anakata roho, akiulizwa hali husema hajambo kwanza, na ahadi ya Nabii Suleimani haikuhesabu hilo kuwa ni uongo. Lakini Bi Salhina kazi yake ndiyo iliyoanzia hapo, kwa kuwa hajapata kuona mwanamke mwenye uchungu asiyesema hajambo.

"Na kifua?"

"Kifua kinabana, mjukuu wangu, hasa kwenye baridi."

"Na mgongo? Na magoti?"

Loo, yakafunguka maneno ya karne tatu. Kashkashi akasema mgongo unamuuma upande wa kushoto, kwa hiyo huenda mshazari; na magoti hulia akitua; na umri wake ni miaka mia tisa na ushei; na juu ya milima mirefu hupatwa na kizunguzungu, na mwaka juzi alimwangusha kadhi katika shamba la mtama. Bi Salhina akampangusa kichwa kwa ncha ya kanga, na kanga ikatoka masizi.

Burhani akaona haya mpaka masikioni. Akamsihi bibi achukue kitanda kile cha mbele, chenye nakshi, ambacho jini wake ni kijana barobaro. Na Bi Salhina akamjibu kwa utulivu, "Bwana, mtoto wangu yuko kwenye hatari. Ubovu niujuao nitautibu. Uzuri nisioujua ndio utakaoniangusha. Nipe huyu, na bei iwe ya mgonjwa, si ya barobaro."

Akampa kwa bangili moja.

Bi Salhina akamnywesha Kashkashi tangawizi na asali siku nzima, akamkanda mgongo kwa mafuta ya habasoda, na alfajiri wakaondoka. Na kwa sababu ya kile kizunguzungu hawakupanda juu ya milima, bali walipita chini chini mabondeni, mshazari, wakipumzika kila kifua kilipobana. Siku ya tano wakafika. Bi Salhina akaweka mikono yake juu ya tumbo la bintiye, akamgeuza mtoto taratibu, akamgeuza tena, na siku ya saba akazaliwa mvulana mwenye sauti ya mwadhini. Mkunga aliyezalisha nusu ya mji alikaa sakafuni akalia kwa furaha.

Na wakati wa kurudi, wakiruka chini chini kama desturi yao, wakaona kilemba cha kifalme kinaelea katika bwawa la bata, na chini ya kilemba yumo Sultani Shahabu. Alikuwa amenunua kitanda kile chenye nakshi baada ya sahani mbili za haluwa, na yule barobaro alikuwa na miaka elfu na mia mbili. Wakamwopoa, na Sultani, akitema maji, akaapa kwamba Burhani atakatwa kichwa.

Bi Salhina akamwombea, akasema kichwa kikikatwa hakiwezi kuona haya. Basi Sultani akatoa amri kwamba katika duka lile mnunuzi asipewe haluwa mpaka amemjulia jini hali, kiungo kwa kiungo. Na Bi Salhina akapewa nyumba ya ghorofa na cheo cha tabibu wa majini wote, kwa mshahara wa waziri. Burhani alilia akidhani amefilisika. Kumbe watu wakamiminika kutoka miji ya mbali, maana mwenye safari fupi alimchukua jini mzee kwa bei ndogo na mwenye safari ndefu alijua anacholipia, na hakuna aliyerudi kudai.

Mwaka ulipopita, Burhani akaenda kwa Bi Salhina na sahani ya haluwa, kuposa. Akaketi, ulimi umemkauka.

"Hujambo?" akaulizwa.

"Sijambo."

"Na ndevu?"

"Ni hina nyeusi, bibi. Chini ni mvi tupu."

"Na magoti?"

"La kulia halikunji. Na ninakoroma. Na tangu ile Jumatatu sijapata usingizi, kwa haya kwanza, kisha kwa kukuwaza wewe."

Siku hiyo Bi Salhina hakuwa amefunga. Akanyosha mkono, akamega haluwa, akala. Na mji mzima ukajua maana yake.