Nota za Mwenye Pengo

Wapendwa, Bwana apewe sifa. Naona wengine mmeshaanza kutazama mlangoni. Jua limepanda, na kuna mtu ameacha maharage jikoni. Vumilieni kidogo. Somo la leo mmelisikia likisomwa, nami sitalirudia. Nataka kuwasimulia habari ya kikundi kimoja cha matarumbeta, halafu mniambie kama mmelielewa.

Kule milimani Upare, kwa wakulima wa tangawizi, palikuwa na usharika uliosifika kwa matarumbeta. Mambo ya matarumbeta mnayajua wenyewe. Mtu akizikwa bila tarumbeta, ndugu zake hunung'unika mwaka mzima kwamba hakuagwa vizuri. Kila asubuhi ya Pasaka, kabla hakujapambazuka, wapigaji wa usharika ule walikwenda makaburini wakapuliza, na bonde zima likajua kwamba Bwana amefufuka, hata wale waliokuwa bado wamejifunika mablanketi.

Mpigaji hodari kuliko wote aliitwa Mbonea. Yeye alipiga sauti ya kwanza, ile ya juu inayobeba wimbo. Akipanda nota ya juu kabisa, akina mama walikuwa wanasema, "Huyo ni Mbonea, keshafika kwa malaika." Naye alisikia wakisema hivyo, na hakuchukia.

Basi siku moja Mbonea aliinama zizini kumwekea ng'ombe wake majani. Ng'ombe akafukuza nzi, akageuza kichwa ghafla, pembe ikampata mdomoni. Meno ya mbele yakang'oka. Kidonda kilipona, lakini alipoweka tarumbeta mdomoni, pumzi ilipitia kwenye pengo. Zile nota za malaika zikawa kama mluzi wa birika linalochemka.

Sasa, kikundi kile kilikuwa na mwalimu, jina lake Eliamani. Alikuwa seremala, lakini kanisa lilimpeleka chuoni ujanani akajifunza nota. Alikuwa mtu mzuri. Nataka mlishike hilo, kwa sababu mtakayoyasikia yatawafanya mtake kumchukia. Alikuwa mtu mzuri, aliyelipenda kanisa lake na kutamani lisikike.

Usharika ulikuwa unajiandaa kwa jubilei. Askofu atakuja, wageni watatoka mjini, na kikundi cha matarumbeta cha mjini nacho kitakuja na sare zake. Eliamani hakulala vizuri kwa kuwaza atapiga nini. Ndipo rafiki yake wa ng'ambo akamletea bahasha nene ya nota zilizochapwa. Ulikuwa wimbo wa sherehe wa ajabu, wenye sauti kumi na mbili, umejaa nota ndogondogo nyeusi zilizobanana kama siafu njiani.

Sauti kumi na mbili, wapendwa. Na kikundi chake kilibaki na watu saba, maana wengine walishahamia mjini kutafuta maisha. Kati ya hao saba, mmoja hana meno.

Mwalimu akasema, "Tutaweza. Tukijitahidi, tutaweza."

Wakaanza mazoezi. Kulikuwa na mama mmoja, Namsifu, aliyepiga besi, lile tarumbeta zito kuliko yote, mwanamke mpana wa mabega aliyezoea kupandisha magunia ya tangawizi mlimani. Kulikuwa na dada mwingine, Nakiete, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuanza wimbo pamoja na wenzake. Wakiingia, yeye anafuata kidogo nyuma. Sio kwamba alikuwa mvivu, ndivyo alivyokuwa. Walipopiga ule wimbo wa ng'ambo, kila mmoja alikimbia njia yake. Wimbo ulitoka kama mbuzi wanaotoroka zizini.

Mwalimu akawa anapiga meza kwa fimbo. "Nakiete, umechelewa! Rudia! Mbonea, nota ya juu iko wapi?"

Mbonea akajaribu. Ikatoka hewa tupu.

"Mbonea!"

Akajaribu tena mpaka machozi yakamtoka na fizi zikaanza kuvuja damu. Hewa tupu. Na Eliamani, kwa uchovu na kwa hofu ya askofu, akasema neno ambalo lisingepaswa kutoka: "Kama huwezi, unatupotezea muda."

Mbonea alivua kitambaa shingoni, akalifuta tarumbeta taratibu kama mtu anayemwogesha mtoto, akaliweka mezani mbele ya mwalimu.

"Apewe mwenye meno," akasema. Akatoka.

Mazoezi yakaishia pale. Watu wakaondoka mmoja mmoja bila kuagana. Namsifu peke yake alibaki, amekaa na besi lake mapajani.

"Mwalimu," akasema, "nikuulize jambo. Huyu aliyeandika wimbo huu anatujua?"

"Atatujuaje, mama? Yuko ng'ambo."

"Anajua kwamba Mbonea ana pengo?"

"Hajui."

"Anajua kwamba Nakiete huchelewa?"

"Hajui, mama."

"Basi mbona unatukasirikia sisi? Ungemkasirikia yeye, aliyeandika bila kutuuliza."

Eliamani akacheka bila furaha. "Mama, hakuna mtu duniani atakayekaa kuwaandikia nota watu saba wa huku milimani."

Namsifu akainuka, akalibeba besi lake begani. "Wewe nota si unazijua? Na kalamu si unayo?" Akaenda zake kukama ng'ombe.

Ninyi mngefanya nini? Mngemfuata Mbonea siku ileile? Eliamani hakumfuata. Alikaa na neno lile la Namsifu siku kadhaa, akiranda mbao zake, neno linamkereketa kama mwiba wa samaki kooni. Mwishowe akaweka randa chini. Akaenda stoo ya kanisa, akatoa tarumbeta kubwa la sauti ya chini ambalo halikuwa na mpigaji tangu mwenyewe ahamie mjini, akalipeleka hadi nyumbani kwa Mbonea.

Akamkuta uani anachambua tangawizi. Mbonea alipoliona tarumbeta akageuza uso.

"Kaka," mwalimu akasema, "nimekuja kukuomba radhi. Nilikukosea, tena mbele za watu."

Mbonea akaendelea kuchambua. Baadaye akasema, "Nimesikia, mwalimu. Radhi nimepokea. Lakini hilo ulilobeba rudi nalo."

"Hili sehemu yake ya kuweka mdomo ni pana. Haitakugusa penye pengo. Piga kidogo tu."

"Nipige nini? Wimbo wa siafu?"

"Hapana. Piga chochote kinachotoka."

Mbonea akafuta mikono kwenye suruali, akalipokea tarumbeta, akapuliza. Ikatoka nota moja ya chini, nzito, yenye pumzi ndani yake kama mtu anayeomba kwa sauti ya kunong'ona. Akapiga ya pili. Akatafuta huku na huku akapata tano. Ya sita ikakataa.

"Umeona?" akasema kwa uchungu. "Tano tu."

Lakini mwalimu alikuwa amekaa juu ya kiroba cha tangawizi, mdomo wazi. "Rudia," akasema, na safari hii hakupiga meza. Akatoa kalamu.

Wapendwa, seremala yule alizizunguka nyumba za wapigaji wote. Alikaa na kila mmoja, akasikiliza mahali pumzi yake inapoishia, vidole vyake vinapokwama, na nota gani anaipiga vizuri bila kujua. Halafu akauchukua wimbo wa mavuno ambao bibi zao waliuimba mashambani, akaanza kuuandika upya. Wimbo wenyewe, ule unaobebwa siku zote na sauti ya juu, akaushusha chini, akampa Mbonea, ndani ya nota zake tano. Sauti za juu akaziambia zimsindikize polepole, kama mtu anavyomshika mkono mgonjwa aliyeanza kutembea. Na Nakiete, anayechelewa? Alimwandikia sauti inayoanza nyuma ya wengine! Wenzake wakishasema, yeye anaitikia. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Nakiete akaingia kwa wakati, kwa kuchelewa vilevile kama alivyozoea.

Siku ya jubilei ikafika. Kikundi cha mjini kikapiga kwanza, sare zinametameta, watu wakapiga makofi na vigelegele. Walistahili. Kisha wale saba wakasimama. Mbonea akapuliza nota ya kwanza, ile ya chini yenye pumzi. Wamama waliokuwa wanapakua pilau chini ya turubai waliacha miiko hewani. Askofu aliyekuwa ananong'onezana na mchungaji akanyamaza katikati ya neno. Wimbo waliouimba tangu utotoni waliusikia siku ile kama hawajawahi kuusikia. Ulipokwisha hakuna aliyepiga makofi, watu walikuwa wanatafuta leso. Mke wa Mbonea akasimama peke yake katikati ya watu, akapiga kigelegele kimoja, ndipo kanisa zima likapokea.

Kiongozi wa kikundi cha mjini akamjia Eliamani mbio. "Mwalimu, nakuomba nota za wimbo huu."

Eliamani akampa zote kwa moyo mweupe.

Baada ya muda, yule kiongozi akapiga simu. "Mwalimu, tumeupiga, hautoki. Nota zote tumezifuata, hakuna tuliyoiruka, lakini umekuwa wimbo wa kawaida tu. Kuna kitu umetuficha?"

"Sijaficha kitu, ndugu yangu. Sauti ya chini anapiga nani?"

"Kijana wangu hodari kuliko wote. Mapafu mazima, meno yote kinywani!"

"Ndiyo shida yenyewe," Eliamani akasema. "Wimbo ule nilimwandikia mwenye pengo. Kawaandikie na wewe wa kwako."

Mnacheka. Chekeni tu, kicheko nacho ni sadaka. Na najua kila mmoja sasa anajisemea moyoni: mimi ndimi Mbonea. Mimi ndiye mwenye pengo, na Mungu wangu ananiandikia wimbo wa nota tano. Ni kweli. Angekuwa Mungu wa kutuletea bahasha kutoka mbali, nani kati yetu angesimama? Lakini alikuja mwenyewe mpaka uani kwetu, akakaa juu ya viroba vyetu, akatusikiliza. Sema amina kwa hilo.

Lakini leo sikusimama hapa kuwaambia hivyo.

Leo nawaambia kwamba ninyi ni Eliamani. Ndiyo, ninyi. Kila mmoja hapa ameshika fimbo mbele ya mtu. Wewe baba, mwanao anapenda kushona. Kila akishika kitambaa uso wake unang'aa, nawe unamlazimisha awe daktari kwa sababu mtoto wa jirani ni daktari. Hizo nota umezitoa wapi? Ziliandikwa kwa ajili ya mtoto gani? Wewe mama mkwe, mke wa mwanao, yule binti wa watu, anajua kuuguza wagonjwa kwa upole ambao sijauona kwingine, nawe kila siku unamhukumu kwa sababu ugali wake una mabonge. Ninyi wazee wa kanisa, tulipomwondoa bibi yule kwenye kwaya kwa sababu sauti yake inatetemeka, nani alikwenda nyumbani kwake kumwuliza ni nini bado kinatoka? Tunapiga meza. Tunauliza nota ya juu iko wapi. Na mtu aliyeumia anafuta tarumbeta lake, analiweka mezani, anatoka taratibu, nasi tunasema ameanguka katika imani.

Hakuanguka. Tulimpa wimbo wa mtu mwingine.

Mwataka kujua Mbonea yuko wapi leo? Yupo. Bado anapiga, na siku hizi anacheka mdomo wazi, wala halionei haya pengo lake. Watu wakifiwa wanaagiza, "Tupigieni ule wa Mbonea." Nakiete ameolewa, na nasikia hata harusini alichelewa kuingia, na bwana harusi akasubiri huku anatabasamu.

Sasa nendeni nyumbani. Sitaki mchangie chochote kwa ajili ya mahubiri haya. Nataka jambo moja. Leo, ukishakula yale maharage, mtafute mtu mmoja uliyekuwa unampigia meza. Awe mwanao, awe mwenzi wako, awe mfanyakazi wako wa shambani. Kaa karibu naye, umwulize anachokiweza na anachokipenda, kisha funga mdomo umsikilize mpaka amalize.

Atashangaa. Atakuuliza leo umepatwa na nini.

Mwambie umetoka kanisani.