Matundu Manane

“Laki nne, fundi! Nimekuongezea laki nne nzima kwa spika mbili zinazorudia tu maneno ya wenzao!”

“Punguza sauti, mwalimu. Wateja wanasikia.”

“Waache wasikie! Wao angalau wanasikia pande zote.”

Ndugu zangu, huyo mwalimu mstaafu alikuwa amechota kiinua mgongo chake akanunua mashine ya sinema ya nyumbani iliyoundwa na fundi huyo, ile inayogawa sauti ya filamu kwa kila spika. Farasi akipita kwenye picha, umsikie akitoka mbele hadi nyuma ya kiti chako. Sasa farasi wa mwalimu alikuwa akifika ubavuni, anakwama hapo.

Fundi akageuza mashine. “Hesabu matundu ya spika. Si manane?”

“Matundu nimehesabu. Chipu yako inagawa sauti ngapi?”

Fundi akafuta vumbi lisilokuwepo. “Sita.”

Mnaona? Chipu ni kidude kidogo kama ukucha, lakini ndicho kinachofikiri. Fundi alichagua iliyo ndogo kwa sababu ilikuwa rahisi na ameizoea, akaiandikia programu miaka miwili. Watu walipoanza kutaka spika nane, akaleta chipu kubwa. Miguu yake haikuingia kwenye ubao wa nyaya ulioshika ile ya kwanza. Ilibidi ubao uchorwe upya, na programu iandikwe tangu mstari wa kwanza. Akakaa, akapiga hesabu ya miaka miwili mingine. Halafu akafanya nini? Akachukua drili, akatoboa sanduku matundu mawili zaidi, akayaunganisha na nyaya za yale ya zamani.

“Ningekwambia ni sita ungekwenda duka la pili,” akasema.

Mwalimu akamtazama. “Chumba changu kina viti vitatu. Nilikuja kununua ya sita. Ni wewe uliyenionyesha ya nane.”

Basi tusimcheke fundi. Sisi tumeanza kazi ngapi kwa moyo mdogo, na tulipoona hautoshi, tukaona uvivu kuanza upya? Tukatoboa. Kwa nje tunahesabika vizuri sana. Kusema “uwezo wangu unaishia hapa” kungetugharimu nini? Aibu ya dakika moja, na mtu angetukubali hivyo hivyo.

Mtaniuliza kama fundi alirudisha pesa. Sijui, na hainihusu. Fundi hayumo humu ndani, wewe umo. Uliyemtoza mwenzako kwa kitu ulichojua hakipo, unamjua kwa jina na nyumba yake unaijua.

Mrudishie leo.