Watoto Waliokuwa Wakiosha Mbao Kila Siku

Inasimuliwa kwamba katika nchi moja ya wafugaji, mvua ilipokosekana mwaka wa tatu, alikuwako mwalimu wa Qur'ani akiitwa Bi Thuweba, Mwenyezi Mungu amrehemu. Desturi ya chuo chake ilikuwa hivi: mtoto akishahifadhi aya zilizoandikwa ubaoni, huuosha ubao na kuyanywa maji yake kwa kutaraji baraka. Wino Bibi aliupika mwenyewe, kwa masizi na gundi ya mti wa mgunga.

Mwaka ule watoto wakawa wanaosha mbao kila siku. Bibi akajaa furaha, hata akamtania jirani yake kuwa watoto wa wenzake hukimbilia maziwa, wa kwake hukimbilia aya. Tajiri mmoja mcha Mungu alikuwa amempelekea magunia ya mtama, sadaka ya wanafunzi. Bibi akayafungia, yaje kuliwa siku ya hitima, watoto watakapohitimu Qur'ani, tajiri mwenyewe akiwapo kuwasikiliza.

Basi siku moja akamwambia Sauda, mtoto wa miaka saba, asome sura aliyoiosha jana. Sauda hakuijua. Ya juzi nayo hakuijua. Bibi akanyanyua fimbo, akamuuliza ubao kaoshea nini.

"Usinipige Bibi, nasema kweli. Ile gundi ina utamu. Nikinywa, tumbo linatulia kidogo."

Akawatazama wengine. Wote walikuwa wameinamisha vichwa.

Fimbo ikamtoka mkononi. Alijua akifungua magunia hitima haipo, na huenda tajiri akaudhika asilete tena. Akayafungua. Chungu kikatelekwa mchana ule ule, akampakata Sauda na kumlisha.

"Polepole, mama, uji haukimbii."

"Nawe ule, Bibi. Hata wewe hujala."

Tajiri alipofika siku iliyopangwa ya hitima, akauliza waliohitimu ni wangapi.

"Hakuna, bwana wangu. Sadaka yako niliifanya pambo langu, watoto wakashinda na njaa. Sasa wameila. Wa kulaumiwa ni mimi."

"Nami nilikuja nisifiwe, mwalimu," tajiri akasema, kisha akauliza mizigo ya mtama iliyo juu ya ngamia wake ishushwe wapi.

Ndugu zangu, sisi tunaofundisha twapenda sana kuzisikia sauti za watoto, nyuso zao hatuzitazami. Mimi ni wa kwanza katika kosa hilo, Mola anisamehe. Mtoto akifika chuoni, kabla hujamuuliza kahifadhi nini, muulize kala nini.